KASETI YA NKAMBO: namna nilijifunza kusikiliza gitaa ya kwetu



Juma iliyopita mu kikundi chetu cha WhatsApp mtu alituma swali la kupitisha muda: kama telefone yako imejaa na unapaswa kufuta nyimbo zote, ni tano gani hautagusa? Majibu yalikuja mbio. Fally, Ferre, Diamond, nyimbo za kwaya, na RJ Kanierra bila shaka, juu ni mtoto wa hapa kwetu. Mimi niliandika tano zangu, na tatu kati yake zilikuwa za Mwenda Jean Bosco. Palepale mtu akajibu: «Muzee, uko na miaka ngapi?» Niko na 28. Nilicheka pamoja nao. Lakini mmoja aliniandikia pembeni, kwa upole, kwamba alitafuta «Masanga» na kuisikiliza mara mbili, na hakuona kitu chenye kunishika hivyo. «Ni gitaa nyembamba,» aliandika. «Inalia kama mbu.»

Alisema kweli. Kwa telefone, inalia kama mbu. Naandika hapa kueleza kwa nini, na pia kueleza jambo moja nililofanya nikiwa na miaka 12, ambalo mu familia tunalijua watu watatu tu.

Nkambo yangu, baba ya mama, alifanya kazi ku njia ya reli mpaka pensheni, na aliishi Kamalondo. Alipiga gitaa. Hakuwa mwanamuziki wa kujulikana, jina lake haliko ku disiki yoyote. Alipiga ku ndoa za majirani, ku matanga, na siku ya Mungu kisha misa, chini ya mwembe wa uani. Kitu nilichokumbuka zaidi ni mkono wake wa kuume: vidole viwili tu ndivyo vilifanya kazi, gumba na kile cha shahada. Vile vitatu vingine vilikaa tu vimekunjwa, kama watu wanaongojea basi. Nilipomuuliza kwa nini havipigi, alinijibu: «Kidole mukubwa njo inatembea. Ile ingine inasolola. Sasa hii tatu, itafanya nini?»

Mu miaka ya 1980 rafiki yake wa kazi, mwenye radio-kaseti nzuri, alimrekodi jioni moja. Ilikuwa kaseti ya dakika 60, yaani nusu saa kila upande. Upande A ulikuwa na nyimbo saba. Upande B hakuna mtu aliyeusikiliza sana, juu ulikuwa na masolo mengi kuliko muziki. Kisha kurekodi, nkambo alivunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti.

Wadogo hawajui hii, tueleze. Juu ya kila kaseti kuko vijimeno viwili, kimoja cha upande A, kimoja cha upande B. Radio-kaseti iko na kijiti kidogo ndani kinachogusa pale. Kama kijimeno kipo, mashine inakubali kurekodi. Kama kimevunjwa, kijiti kinaingia mu tundu na kitufe cha kurekodi hakishuki, hata ukisukuma kwa nguvu. Njo kufuli ya kaseti. Ni kufuli ya watu wenye heshima, juu ukiziba lile tundu na karatasi, mlango unafunguka tena.

Mwaka 2008 mi nilikuwa napenda kitu kimoja tu: Fally Ipupa, zile nyimbo za «Droit Chemin». Nilijua kwamba siku ya Mungu jioni redio itapitisha moja. Sikuwa na kaseti na sikuwa na pesa ya kaseti. Mu sanduku la nkambo kulikuwa moja. Niliona tundu. Jirani alishanifundisha dawa ya tundu. Nilikata kipande cha daftari ya hesabu, nikakikunja mara nne, nikaziba, nikangoja. Nilipata wimbo wangu. Nikapata pia sauti ya mtangazaji, tangazo la sabuni, salamu za watu wa Katuba kwa watu wa Ruashi, na juu nilikuwa na tumaini ya wimbo wa pili, niliacha kaseti itembee mpaka mwisho. Nusu saa kamili.

Watu wengi wananiuliza kama haiwezi kurudishwa, sasa nieleze vizuri. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma. Kila punje ya unga ni kama sumaku ndogo sana. Wakati wa kurekodi, kichwa cha mashine kinapanga zile sumaku kufuata sauti. Lakini mbele ya kichwa hicho kuko kingine, kazi yake ni kufuta: kinavuruga sumaku zote na mtetemo wa haraka ambao sikio halisikii, ili utepe ufike mutupu. Kwa hiyo utepe unafutwa kwanza, kisha unaandikwa. Sio kama faili ya kompyuta, ambayo mara nyingine inabaki mahali fulani hata ukiifuta. Nyimbo saba za nkambo ziliisha mu nusu saa ileile mimi nikiimba pamoja na Fally.

Aligundua kisha siku nne. Mi nilikuwa mlangoni. Aliweka kaseti, akasikia mtangazaji, akaitoa, akaiangalia, akachomoa ile karatasi yangu na kuifungua. Ilikuwa na hesabu za kugawanya, na mwandiko wangu. Nilingoja fimbo. Alisema paka: «Hakuna neno. Kuko upande ingine.» Kisha akanipa kaseti na kuniambia: «Weka ile wimbo yako nisikie.» Tulisikiliza pamoja. Kidole chake kikubwa kilikuwa kinagonga ku kiti, kinafuata besi. Mwisho alisema gitaa ile iko muzuri, ila haina nafasi ya kupumua. Wakati ule mikono yake ilikuwa inamuuma, viungo vilivimba, alishaacha kupiga. Ile kaseti njo mahali pekee mkono wake ulikuwa bado unatembea. Hii niliielewa paka kisha kifo chake, mwaka 2013.

Bon. Nirudi ku mbu.

Nkambo hakuvumbua kupiga kwa vidole viwili. Ilikuwa namna ya kupiga ya mji wote huu na ya Likasi. Kumbukeni mji wetu ulivyozaliwa: Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilifika. Union Minière ilihitaji mikono, na mikono ilitoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini, na vijiji vyote vya hapa. Bale bantu hawakuwa na lugha moja. Kiswahili njo kilikuwa lugha ya kambi, ya reli, ya soko. Gitaa nazo zilifika na watu hao, na kila mtu aliweka ndani yake kitu cha kwao: likembe, nyimbo za kunywa pombe, nyimbo za kanisa, disiki za Kuba, sinema za cowboy. Vijana wa siku ya mshahara walikuwa wanazunguka na gitaa kama vile leo vijana wanazunguka na bafle ndogo ya bluetooth.

Mmoja wao alikuwa Mwenda Jean Bosco, Muyeke wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekaa Afrika ya Kusini na aliyekuwa anazunguka na mashine zake kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga gitaa barabarani. Alimrekodi. Kati ya nyimbo hizo kulikuwa «Masanga». Kijana alikuwa na miaka 22 hivi. Disiki zilitoka kwa Gallotone kule Afrika ya Kusini na zikafika mbali, mpaka Nairobi, na wapiga gitaa wa kule wakajaribu kushika ile namna ya vidole viwili. Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco mwenyewe alikwenda kukaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi redioni. Watu wa kule walimsikia bila mkalimani, juu aliimba Kiswahili. Mwaka 1969 aliitwa ku Newport Folk Festival, Marekani. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa Edouard Masengo, aliyepitia JECOKE, Jeunes Comiques de la Kenya. Na Kenya hapa ni commune yetu, sio nchi. Niliwahi kusoma makala ya mgeni aliyechanganya hizo mbili, nikacheka mpaka machozi. Kulikuwa pia Losta Abelo. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, alikuja mpaka hapa kujifunza gitaa miguuni pa hao wazee, na akaandika kitabu, «Shaba Diary», kilichotoka mwaka 1982. Kabla yake David Rycroft, mwalimu wa chuo kule London, alikaa chini kuandika mu noti za muziki vile Bosco anapiga, na jarida la African Music likachapa kazi yake mwaka 1961 na 1962. Mi nilisoma miaka mingi hapa Lubumbashi, shule ya msingi, sekondari, Unilu, na hakuna siku mwalimu alitaja hata moja ya majina haya. Sisemi ni kosa la shule fulani. Nasema tu kwamba Masengo nilimjua kupitia mzungu.

Sasa, ni nini Rycroft alikuwa anatafuta mu wimbo wa dakika tatu?

Ukisikiliza «Masanga» vizuri unaapa kwamba kuko watu wawili. Kidole gumba kinashika nyuzi nene na kutembea, sawasawa, bila haraka. Kidole cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba juu na kuongea. Lakini gumba la Bosco halibaki chini tu. Mara linaruka ku nyuzi za katikati na kumjibu mwenzake, kisha linarudi chini kabla haujasikia kwamba liliondoka. Kwa hiyo mara nyingine unasikia sauti tatu kutoka ku vidole viwili. Na haongei kwa mistari ya urefu mmoja. Anarudia kitu, anakikata mapema, anaongeza mkia, anaingiza kingine. Nyimbo tulizozoea leo zinatembea kwa vipande vilivyopimwa, vinne, vinane, na kompyuta inavipanga. Hii inatembea kama mzee anayesimulia: anajua anakwenda wapi, ila anapitia kwa jirani kwanza.

Hayo yote mi sikuyasikia kwa miaka mitatu. Rafiki alinitumia «Masanga» kwa bluetooth nikiwa mu graduat ya pili, tukikodi chumba karibu na Kasapa. Niliiweka juu ya nkambo, sio juu niliipenda. Nilikuwa naisikiliza vile wote tunasikiliza: telefone juu ya meza, au mu mfuko wa shati nikienda ku shamba la majaribio. Ilikuwa tamu kidogo, nyembamba sana.

Siku moja mwenzetu mmoja wa kwaya alileta bafle kubwa ya kanisa kwetu, aitunze mpaka asubuhi. Umeme ulirudi saa nne usiku. Tulicheza vitu vyetu vya kawaida, majirani wakagonga ukuta, tukashusha sauti. Kisha telefone ilijichagulia yenyewe na «Masanga» ikaanza. Nilisimama. Kulikuwa mtu wa pili mu chumba. Kitu kilikuwa kinatembea chini, pole pole, kilekile nilichokiona ku mkono wa nkambo chini ya mwembe, na mu telefone yangu hakikuwako kamwe. Miaka mitatu nilikuwa nasikiliza kidole kimoja.

Hii sio uchawi, ni fizikia. Uzi mnene kabisa wa gitaa, ukiwa umefungwa kawaida, unatetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Ili kutoa sauti nzito kama hiyo, spika inapaswa kusukuma hewa nyingi. Spika ya telefone iko na ukubwa wa ukucha. Inatoa vizuri sauti ya mtu anayeongea, filimbi, sauti za juu za gitaa. Ile ya chini inaikata karibu yote. Sikio letu ni werevu, linajaribu kukisia kilichokatwa, lakini kukisia na kusikia ni vitu viwili. Muziki wa leo unatengenezwa na watu wanaojua kwamba utasikiliza ku telefone. Wanapanda vitu vya juu kwa makusudi ili besi ionekane kuwapo hata pale haipo. Bosco mwaka 1952 hakuwa na mtu wa kumtengenezea hivyo. Alikuwa na gitaa, mikrofoni, na gumba lake.

Kuko na kosa la pili, letu wenyewe: namna tunavyogawana nyimbo. Saa moja ya muziki wa stereo bila kubanwa, sawa na ile ya CD, inakula karibu mega 635. Ile saa moja ikigeuzwa kuwa MP3 ya kawaida ya 128 inakuwa mega 58 hivi. Nani analipa mega hapa anajua kwa nini tunachagua ya pili, na mi sihukumu mtu. Lakini mara nyingi wimbo haubanwi mara moja. Unatoka YouTube, unabanwa, unatumwa, mwingine anaukata na kuubana tena, mpaka unafika kwako umebaki na mifupa. Kila mara programu inatupa kile inachofikiri sikio halitaona. Ngoma ya kompyuta inavumilia. Gitaa ya vidole haivumilii, juu utamu wake uko pale ukucha unagusa uzi, ule mguso mdogo mwanzoni mwa kila noti, na njo kinachoharibika kwanza. Kinageuka kama maji.

Kwa hiyo kwa yule ndugu aliyeniandikia pembeni: chukua ekuta, hata zile za bei ya chini za soko, ila ziingie vizuri mu sikio, zizibe. Tafuta nakala nzuri, ulipe mega mara moja, uitunze. Kisha sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza fuata kidole cha juu, juu utakifuata tu hata ukikataa. Mara ya pili kikatalie, fuata gumba peke yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ni kazi, utakipoteza mara nyingi. Mara ya tatu acha vyote. Kisha nenda kwa «Bombalaka», kisha «Tajiri na mali yake». Kama hata hapo ni mbu, basi ni mbu, hatutagombana.

Ile dawa inafanya kazi pia kwa karindula yetu, ile gitaa kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi ambayo watu wa chuo wanaiona kuwa ya walevi. Ku telefone inakuwa makelele tu. Mu uwanja, ukiwa umesimama karibu, ile ngozi inakupiga ku kifua. Mwaka 2011 Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa disiki ya vikundi vya karindula vya huku kwetu, na tena ilikuwa wageni walioona thamani yake mbele yetu. Nimechoka kidogo kuandika sentensi za namna hii, lakini njo hali.

Wengine wataniuliza: kama gitaa hii ilikuwa ya nguvu hivyo, ilikwenda wapi? Jibu langu sio kwamba Wakinshasa walitunyang'anya. Studio kubwa zilikuwa kule. Ngoma ilianza Léopoldville tangu 1948, na nyingine zikafuata. Huku tulingoja mashine za watu wa kupita. Kisha gitaa za umeme zilikuja, orkestra za watu kumi na zaidi, na Lingala ikawa lugha ya kucheza nchi nzima. Mtu mmoja na gitaa bila umeme, ukimweka mu baa pembeni ya orkestra, hasikiki. Hakuwa mbaya. Hakusikika. Hata leo mu taksi-basi ya kwenda mjini nasikia Kinshasa, Dar es Salaam, Lagos, na kwaya. Ninazipenda zote, na zile za Dar zinanichekesha juu ya Kiswahili bora chao, wanasema «sisi sote» pale sisi tunasema «siye bote». Mwenzangu mmoja anadai kwamba Bosco aliimba Kiswahili kibaya. Hapana. Aliimba Kiswahili cha watu waliomlipa bia.

Mi nafanya kazi na wakulima wa mahindi, barabara ya Kasenga. Kuko wakulima wanaotunza mbegu za nkambo zao mu chupa, juu ya moshi wa jiko, mahindi madogo ambayo hakuna duka linauza. Mu licence walitufundisha kwamba mbegu hizo zikipotea hakuna maabara itazitengeneza tena. Niliandika hivyo ku mtihani na nilipata pointi nzuri. Sikufikiria karatasi ya daftari ya hesabu.

Sasa upande B. Ninao. Kurekodi upande A hakugusi upande B, juu kila upande unatumia nusu yake ya upana wa utepe. Nkambo alijua hilo aliposema kuko upande ingine, au labda alitaka tu kunituliza. Nimeuhamisha ku kompyuta mwaka jana, na kwa wale wenye kaseti nyumbani naeleza nilivyofanya. Kwanza, usiiweke mu mashine yoyote unayopewa: jaribu na kaseti isiyo na kazi, juu mashine yenye raba iliyozeeka inakula utepe. Safisha vichwa na ile raba kwa pamba na alkoli, ngoja ikauke. Zungusha kaseti mpaka mwisho na kuirudisha, mara moja, ili utepe ulegee. Ziba mlango wa makosa: hakikisha vijimeno vimevunjwa. Kisha waya mmoja, kutoka tundu ya ekuta ya radio-kaseti mpaka tundu ya mikrofoni ya kompyuta. Sauti ya radio-kaseti chini kwanza, uipandishe kidogo kidogo, juu ikizidi inapasuka na hakuna namna ya kuitengeneza kisha. Programu ya Audacity ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Tunza faili ya WAV, ile nzito, ku mahali pawili. MP3 utengeneze kisha, ya kugawia familia. Na ufanye betri ya kompyuta ijae kabla ya kuanza. Umeme wa hapa unajua siku ya kukata.

Upande B uko na dakika 27. Ishirini hivi ni masolo: bei ya unga, mwana wa fulani aliyeoa Kolwezi, wanaume wawili wanacheka kitu ambacho sikielewi. Treni inapita mbali. Mtu anafunga nyuzi za gitaa, mmoja haukubali, anatukana pole pole. Kuna vipande vitatu vya muziki. Cha kwanza ni wimbo wa kanisa. Cha pili kinakatika. Cha tatu ni dakika nne na kitu, bila kuimba. Ninaposikiliza na ekuta, nakatalia kidole cha juu na kufuata gumba. Nimekisikiliza mara nyingi, na bado kuko mahali pamoja, mu dakika ya tatu hivi, ambapo nalipoteza, silijui linapita wapi.

Mwezi wa nane nilikwenda Likasi kumtafuta yule rafiki mwenye radio-kaseti. Alishakufa. Binti yake alinikaribisha, tukala bukari, akaniletea katoni iliyokuwa chini ya kitanda. Kaseti 14, nyingi bila jina, na maji ya mvua yalishaingia mara moja. Yeye anafikiri baba yake alikuwa na tabia ya kutengeneza nakala. Nimehamisha mbili mpaka leo: moja ni mahubiri, moja ni mpira. Tano zimeshikana, utepe umenata, siwezi kuzizungusha bila kuzipasua. Zimebaki saba.

Radio-kaseti yangu imeanza kuvuta utepe vibaya. Kama mtu wa association iko na moja nzima nyumbani, hata ya kuazima kwa juma moja, aniandikie pembeni. Nitakuja kuichukua mwenyewe, Katuba, Kampemba, popote.